UZI: Mchochota mwilini: jeni zinawashwaje, na kwa nini kuzizima ndiko kuna kazi

FundiWaDarubini (Lamu)

Asalaam aleikum ndugu zangu. Katika mazungumzo yetu kuhusu pumu, mzee mmoja aliuliza kwa nini vidonge vilevile vya prednisoloni huandikiwa mwenye pumu, mwenye baridi yabisi ya viungo na hata mwenye vipele vinavyowasha, ilhali maradhi hayo hayafanani hata kidogo. Niliahidi kujibu kwa urefu, na kwa kuwa jibu lenyewe limo ndani ya seli nyeupe za damu, sina budi kuanzia huko. Nafanya kazi ya maabara hapa kisiwani. Mimi si daktari, wala sitamwandikia mtu dawa katika uzi huu.

Hoja yangu naiweka wazi mapema, ili asiyekubaliana nayo ajue pa kuishika. Wengi wetu hudhani kwamba kinga nzuri ya mwili ni ile inayowaka haraka na kwa ukali. Kuwaka, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu nyepesi. Jeni, yaani maagizo ya kurithi yaliyomo ndani ya seli, zilizowekwa kwa ajili ya kuzima ni nyingi, zimepangwa ngazi juu ya ngazi, na sehemu kubwa ya maradhi ya mchochota (mwili kuwaka na kuvimba unapojikinga) yanayomwandama mtu kwa miaka hutokana na ngazi mojawapo kulegea.

Tumchukue mtu aliyejikata kisigino kwa ganda la chaza kwenye miamba wakati maji yamekupwa. Baada ya saa kadhaa mguu huwa mwekundu na wa moto, huvimba hadi vidole vikabanana, na hata shuka ikiugusa unauma. Dalili hizo nne ziliandikwa na Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza, na mpaka leo ndizo zinazofundishwa. Jeraha likifanya usaha, tone moja nikilipaka kwenye kioo na kulitia rangi, naona uwanja mzima umejaa nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, ambazo viini vyake vya zambarau vimegawanyika vipande vitatu au vinne vilivyoshikana kwa nyuzi nyembamba mno. Hapa na pale hujitokeza seli kubwa zaidi yenye kiini kimoja kilichopinda, ambayo ni monositi iliyotoka kwenye damu na sasa inageuka kuwa makrofaji, seli inayomeza vijidudu.

Darubini yangu inaishia hapo, kwa sababu jeni hazionekani nayo. Seli hizo zote, pamoja na seli za ngozi zilizo kando yao, zimebeba maandishi yaleyale ya DNA, yenye jeni zipatazo 20,000 za kutengenezea protini. Zinatofautiana kwa jeni zinazosomwa, kwa saa zinazosomwa, na kwa muda ambao usomaji huo unaruhusiwa kuendelea. Nitayachukua hayo kwa mpangilio wa saa.

FundiWaDarubini (Lamu)

Dakika za mwanzo. Katika maji ya bahari yenye joto huishi bakteria wa jamii ya Vibrio, ambao utando wao wa nje una kitu kinachoitwa lipopolisakaridi. Makrofaji iliyo chini ya ngozi ina kipokezi kiitwacho TLR4 kinachokitambua kitu hicho. Tumeyajua haya kwa kupitia nzi na panya: mwaka 1996 Jules Hoffmann na wenzake huko Ufaransa walionyesha kwamba nzi wenye kasoro katika jeni ya Toll hushindwa kujikinga na kuvu, na mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler huko Marekani likaonyesha kwamba panya wasioitikia lipopolisakaridi wana kasoro katika jeni ya TLR4, ambayo ni ya ukoo uleule wa Toll. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011, pamoja na Ralph Steinman.

Kipokezi kikishaguswa, habari hupokezanwa na protini kadhaa, zikiwemo MyD88, IRAK4 na TRAF6, mpaka ifike kwa kimeng'enya kiitwacho IKK. Mbele ya IKK ipo protini ambayo ndiyo mhusika mkuu wa uzi huu, NF-κB, iliyogunduliwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore ndani ya limfositi B, aina nyingine ya seli nyeupe. Wakati wa amani NF-κB haikai ndani ya kiini cha seli. Iko nje yake, imezuiliwa na protini nyingine, IκBα, iliyoishikilia. IKK huibandika IκBα fosfati. Kwa alama hiyo IκBα huandamwa na kusagwa, na NF-κB huachiliwa ikaingia kwenye kiini. Yote hayo huchukua dakika chache tu, kwa sababu hakuna kinachosubiri kutengenezwa: kila kifaa kilikuwa tayari ndani ya seli kabla ya jeraha.

Ndani ya kiini NF-κB hushika DNA mahali maalumu karibu na jeni za TNF, IL-1β, IL-6 na IL-8, protini ambazo seli huzitoa kueneza habari ya mchochota, na jeni hizo huanza kunakiliwa kuwa RNA mjumbe, nakala inayotumika kutengenezea protini. TNF hulegeza kuta za mishipa midogo ya damu ili majimaji na seli zipite, na huo ndio uvimbe tunaouona. IL-8 huita nyutrofili. IL-1β na IL-6 husafiri hadi kwenye ubongo na kuleta homa.

Hata hivyo, NF-κB haiwezi kushika mahali popote inapopataka, na naomba tusilipite jambo hili haraka. DNA ya seli moja ikinyoshwa hufikia takriban mita 2, nayo imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, herufi 147 kwa kila fungu la histoni. Sehemu iliyokazwa haisomeki. Wakati monositi ilipokuwa ikikua ndani ya uboho, protini nyingine iitwayo PU.1 ilikwisha kufungua sehemu fulani za DNA na kuziacha wazi. Ndiyo maana NF-κB ileile ikiingia katika kiini cha seli ya ngozi huamsha orodha moja ya jeni, na ikiingia katika kiini cha makrofaji huamsha orodha nyingine. Hata ndani ya makrofaji moja jeni haziamki pamoja. Ya TNF imekaa wazi, kwa hiyo RNA yake hufurika katika saa ya kwanza. Ya IL-6 huchelewa, kwa sababu ni lazima histoni zisogezwe kwanza, na kuna protini ya kusaidia, IκBζ, ambayo haina budi itengenezwe upya. Kuchelewa huko kunampa mwenye mwili nafasi: mwasho mdogo ukiisha kabla ya histoni kusogea, homa huenda isifike.

FundiWaDarubini (Lamu)

Sasa kuzima. Miongoni mwa jeni za mwanzo kabisa ambazo NF-κB huziamsha imo jeni ya IκBα, yaani ya yuleyule mlinzi aliyesagwa muda mfupi uliopita. IκBα mpya huingia ndani ya kiini, huibandua NF-κB kutoka kwenye DNA na kuirudisha nje. Nahodha wa jahazi hapandishi tanga kabla hajahakikisha kamba ya kulishushia haikukwama. Seli nayo, katika tendo lilelile la kuwasha, imekwisha kuagiza cha kuzimia. Chanzo kikiwa bado kipo, IκBα mpya nayo husagwa na mzunguko huanza tena. Watafiti walioitia NF-κB rangi inayong'aa na kuitazama ndani ya seli hai waliiona ikiingia na kutoka katika kiini kwa vipindi vya takriban dakika 100.

Ngazi ya pili ni protini iitwayo A20, ambayo jeni yake pia huamshwa na NF-κB. Yenyewe haigusi DNA. Hukaa nje ya kiini na kuvunja minyororo ya ubikwitini, protini ndogo, ambayo protini za kupokezana habari huitumia kushikana, na hivyo habari mpya hazifiki kwa IKK. Panya waliozaliwa bila A20 hufa wakiwa wadogo kwa mchochota wa viungo vingi. Mwaka 2016 ikaelezwa kwamba wako binadamu ambao nakala moja tu kati ya mbili za jeni hiyo imeharibika, na nusu iliyobaki haiwatoshi: tangu utotoni hupata vidonda vya mdomoni na vya sehemu za siri, homa zisizo na sababu, na maumivu ya viungo.

BintiMkomani

Shikamoo ami. Nasomea biolojia chuoni na nimekufuata mpaka hapa, lakini pana jambo halijaniingia. IκBα inaitoa NF-κB kwenye kiini, na A20 inazuia habari mpya. Zote mbili zinazuia kunakili kusiendelee. Je, zile RNA mjumbe zilizokwisha kunakiliwa na kutoka nje ya kiini, si zitaendelea kutengeneza TNF? Kufunga jeni hakuzifuti.

FundiWaDarubini (Lamu)

Marahaba mwanangu. Ni kweli hakuzifuti, na ngazi ya tatu iko hapo hapo.

Mwisho wa RNA ya TNF, baada ya sehemu inayosomwa, kuna mkia wenye herufi A na U zinazojirudia kwa wingi. Protini iitwayo tristetraprolini hushika mkia huo na kuita vimeng'enya vya kuikata RNA. Kwa hiyo RNA ya TNF imezaliwa na hukumu yake ndani ya maandishi yake. Haikukusudiwa iishi muda mrefu. RNA za protini nyingi zinazofanya kazi za kila siku za seli hazina mkia huo, nazo huishi kwa saa nyingi.

Utauliza: ikiwa ni hivyo, TNF ya saa ya kwanza hupatikanaje? Ni kwamba ishara ileile ya TLR4 huamsha njia nyingine ndani ya seli, iitwayo p38, ambayo huipachika tristetraprolini fosfati na kuidhoofisha. RNA hupata mwanya wa kuishi. Baadaye kimeng'enya kiitwacho DUSP1 huizima p38, tristetraprolini hurudi na nguvu zake, na RNA zote zilizosalia hufagiliwa. Lishike jina la DUSP1, litarudi tutakapofika kwa prednisoloni. Mwaka 1996 panya waliondolewa jeni ya tristetraprolini, nao wakakonda, wakavimba viungo na kuharibika ngozi, ingawa hakuna kidudu kilichowaambukiza. Walipopewa kingamwili dhidi ya TNF walinusurika na mengi ya hayo.

Kando ya hiyo kuna RNA fupi sana ambazo hazitengenezi protini yoyote, maikro-RNA, zilizowapatia Victor Ambros na Gary Ruvkun Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Mojawapo, miR-146a, huamshwa na NF-κB kisha ikaziandama RNA za TRAF6 na IRAK1, zile protini za kupokezana habari. Nguvu yake kwa kila RNA ni ndogo, lakini huendelea kwa siku.

TabibuMalindi

Ndugu yangu FundiWaDarubini, nimesoma kwa makini na nashukuru, ila naona mizani yako imelalia upande mmoja. Mimi ni tabibu, na wanaoniletea wasiwasi usiku si wale waliowaka kupita kiasi peke yao. Wapo watoto wanaozaliwa na kasoro katika IRAK4 au MyD88, protini ulizozitaja mwenyewe, na hao huugua nimonia na homa ya uti wa mgongo kwa bakteria wa kawaida, tena wakati mwingine homa haipandi na kipimo cha mchochota hakionyeshi kitu, hata mganga akadhani mtoto hana tatizo kubwa. Baadhi yao hufa utotoni wasipotambuliwa. Ukisema kuwasha ndiyo sehemu nyepesi, msomaji ataona kuwasha hakuna maana.

FundiWaDarubini (Lamu)

Tabibu, mfano wako ni wa haki na nafurahi umeuleta hapa. Sikusema kuwasha hakuna maana. Nilisema ni kwepesi, yaani njia yake ni fupi, hutumia vifaa vilivyo tayari, na hukamilika kwa dakika. Mfano wako wenyewe una sehemu nyingine ya kuuangalia: watoto hao wakivuka utoto, maambukizi makali hupungua sana, kwa sababu limfositi na kingamwili walizozijenga huanza kuziba pengo.

Ukitazama upande wa kuzima, mara nyingi pengo halizibiki hivyo. Jeni ya FOXP3 ilitambuliwa mwaka 2001, kwanza katika panya wa ukoo uitwao scurfy, kisha katika watoto wa kiume wenye maradhi yaitwayo IPEX. FOXP3 hufanya kazi ndani ya kundi dogo la limfositi T ambalo Shimon Sakaguchi alilieleza mwaka 1995, na kazi ya kundi hilo ni kuwatuliza wengine. Ikikosekana, mtoto mchanga hupata kisukari, kuhara kusikokoma na ukurutu, kwa kushambuliwa na seli zake mwenyewe. Mara nyingi hukosa kuishi miaka mingi asipopandikizwa uboho. Hakuna ngazi nyingine inayojitokeza baadaye kufidia. Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Sakaguchi walitunukiwa Nobel mwaka 2025 kwa kazi hiyo, na mimi naihesabu kuwa ushahidi mzito upande wangu. Hata hivyo nakubali kwamba mgonjwa wako wa saa nane za usiku hajali nani ana ushahidi mzito.

MzeeWaMatondoni

Wanangu, mimi ndiye niliyeuliza habari ya prednisoloni. Magoti yangu yana baridi yabisi, na katika duka moja la dawa niliuziwa vidonge bila kuulizwa lolote nikaambiwa nimeze mpaka nipone. Maumivu yaliondoka kwa siku mbili. Nilipokwenda hospitali daktari alishtuka kusikia nimevimeza kwa miezi, na akanikataza nisiviache kwa ghafla pia. Vipi kitu kinachokatazwa kumezwa kikatazwe na kuachwa?

FundiWaDarubini (Lamu)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo lililoufungua uzi huu, na sasa tuna kila tunachohitaji ili kulijibu.

Prednisoloni, deksamethasoni na haidrokotisoni ni ndugu wa homoni ya kotisoli, ambayo tezi zilizo juu ya figo huitoa kila siku, zaidi asubuhi. Kundi hilo huitwa glukokotikoidi. Mwaka 1948 Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimdunga kotisoni mgonjwa ambaye viungo vilikuwa vimemlemaza, na baada ya siku chache akatembea. Nobel ilifuata mwaka 1950, kwa Hench pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Jinsi inavyofanya kazi ilikuja kueleweka miongo mingi baadaye.

Dawa hiyo hupenya utando wa seli bila kuhitaji mlango, ikakutana na kipokezi chake kilicho ndani, na vikaingia kiini pamoja. Humo hufanya mambo mawili. La kwanza, kipokezi husogea mahali NF-κB ilipo na kuizuia isiendeleze unakili. La pili, ambalo naliona kubwa zaidi, huamsha jeni za kuzima: ya DUSP1 niliyomwambia BintiMkomani ailishike, ambayo ikiizima p38 huirudisha tristetraprolini kazini; ya tristetraprolini yenyewe; na nyingine iitwayo GILZ. Ngazi kadhaa tulizozipanda katika uzi huu dawa hii huzisukuma kwa pamoja. Pumu, baridi yabisi na vipele vina vyanzo tofauti, lakini vyote hupita katika njia moja ya jeni hizi, na ndiyo sababu kidonge kimoja huwafaa wote. Na kwa kuwa ni lazima jeni zisomwe na protini zitengenezwe, dawa huchukua saa kadhaa. Mwenye pumu iliyombana hupuliziwa kwanza dawa ya kupanua njia za hewa, ambayo haipitii kwenye jeni.

Sasa hatari yake. Kipokezi hicho kimo karibu katika kila seli ya mwili, si katika seli za kinga peke yake, kwa hiyo sukari hupanda, mifupa hupungua uzito na ngozi huwa nyembamba. Kinga iliyozimwa humwachia nafasi mdudu aliyekuwa amejificha: kifua kikuu kilicholala huamka, na mnyoo uitwao Strongyloides, unaoingilia miguuni kwenye udongo wenye unyevu kama wa mashamba yetu, huweza kuzaana ndani ya mwili na kusambaa hadi ukaua. Kuhusu kuacha ghafla, tezi zako, zikiona homoni inatoka nje kila siku, huacha kutengeneza yake. Ukikata vidonge leo, mwili unaweza kubaki bila kotisoli ya kutosha kwa muda, na shinikizo la damu kuanguka. Daktari wako yuko sahihi kwa yote mawili. Mfuate katika kupunguza kidogo kidogo.

Wakati wa Korona jambo hili lilipimwa kwa uwazi ambao ni nadra kuupata. Jaribio la RECOVERY nchini Uingereza, mwaka 2020, liliwapa wagonjwa deksamethasoni miligramu 6 kwa siku, kwa muda usiozidi siku 10. Vifo vilipungua kwa thuluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa sehemu moja kati ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Kwa waliokuwa hawahitaji oksijeni hakukuonekana faida yoyote. Dawa moja na kirusi kimoja. Tofauti, inavyoelekea, ilikuwa ni wakati wa kuitumia. Mapema jeni za mchochota zina kazi ya kufanya, na anayezizima wakati huo huenda anamsaidia kirusi.

MamaWaShela

Naomba kuuliza kwa ufupi, na samahani kama ninatoka nje ya mada. Sindano ya BCG wanayodungwa watoto wetu wanapozaliwa, nimesikia inasaidia hata kwa maradhi mengine yasiyo kifua kikuu. Ni kweli, au ni maneno ya watu?

FundiWaDarubini (Lamu)

Hujatoka nje ya mada, dada yangu. Umegusa sehemu ambayo wataalamu bado wanavutana.

Nilisema histoni zinaweza kukaza au kulegeza DNA. Mchochota unapopita, baadhi ya sehemu zilizolegezwa hazirudi kukazwa kabisa. Alama ndogo za kikemia hubaki kwenye histoni. Mihai Netea na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, waliwachanja watu wazima BCG, wakachukua monositi zao na kuziweka pamoja na vijidudu visivyohusiana na kifua kikuu. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2012 yalionyesha kwamba monositi hizo zilitoa TNF na IL-1β kwa wingi zaidi kuliko kabla ya chanjo, hata miezi mitatu baadaye, na alama za histoni karibu na jeni hizo zilikuwa zimeongezeka. Katika Guinea-Bissau majaribio kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo yalionyesha vifo vichache zaidi kwa waliochanjwa mapema. Huo ni upande mmoja. Upande wa pili, jaribio kubwa la BRACE kwa wahudumu wa afya wa nchi kadhaa, lililotoa matokeo mwaka 2023, halikuona BCG ikiwakinga na Korona. Mimi nasadiki alama za histoni, kwa sababu zimepimwa; kwamba alama hizo humkinga mtu na kila maradhi, sijashawishika. Mtoto achanjwe kwa ajili ya kifua kikuu, na hilo pekee linatosha kuwa sababu.

Kuna kinyume chake pia. Makrofaji iliyokutana na lipopolisakaridi jana, ikikutana nayo tena leo hutoa TNF kidogo. Mwaka 2007 Simmie Foster, Diana Hargreaves na Ruslan Medzhitov walionyesha kwamba seli hiyo haijachoka: jeni za mchochota zimefungwa kwenye histoni, ilhali jeni za kuua bakteria moja kwa moja zimebaki wazi, nyingine zikiwa tayari zaidi kuliko mwanzo. Seli inachagua ipi iisikilize na ipi iinyamazishe. Wakazi wa pwani hii wanajua kwamba mtu mzima aliyeugua malaria mara nyingi utotoni anaweza kuwa na vimelea kwenye damu bila homa. Sababu zake ni zaidi ya moja, zikiwemo kingamwili, lakini kutulia kwa seli za aina hii kunahesabiwa kuwa mojawapo. Kituo cha KEMRI-Wellcome Trust cha Kilifi, kilichoanzishwa mwaka 1989, kimekuwa kikichunguza kinga ya malaria kwa miaka yote hiyo, tena kwa damu ya watu wa huku kwetu.

TabibuMalindi

La mwisho kutoka kwangu. Kuna vijana wanaokuja kupimwa kabla ya kuajiriwa, wazima kabisa, na nyutrofili zao ziko chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya mashine. Wengine hunyimwa kazi au kutumwa mbali kwa vipimo vya uboho. Je, hii nayo ni habari ya jeni kuzimwa?

FundiWaDarubini (Lamu)

Kwa wengi wao ndiyo, ingawa jeni iliyozimwa haimo ndani ya nyutrofili yenyewe. Jeni ya ACKR1 hutengeneza protini ya Duffy. Mbele ya sehemu inayosomwa kuna herufi chache ambapo protini GATA1 hushika ili kuiamsha jeni hiyo katika seli zinazokuwa chembe nyekundu. Kwa watu wengi wenye asili ya Afrika, herufi moja hapo imebadilika, GATA1 haishiki, na chembe nyekundu hazina Duffy. Kwenye kuta za mishipa protini hiyo ipo kama kawaida. Haya yalifafanuliwa mwaka 1995. Plasmodium vivax huutumia mlango wa Duffy kuingia kwenye chembe nyekundu, na ndiyo sababu malaria ya aina hiyo ni adimu sehemu kubwa ya bara letu.

Baadaye ikagundulika kwamba badiliko hilohilo ndilo linaloambatana na nyutrofili chache kwenye damu. Uboho huwa mzima, na watu hao hawaugui maambukizi zaidi ya wengine. Inaelekea nyutrofili zao hukaa kwa wingi zaidi nje ya damu, kwenye viungo kama wengu. Viwango vilivyoandikwa kwenye mashine nyingi vilitokana na watu wa nasaba nyingine. Na kwa kuwa ni lazima mtu arithi nakala zote mbili zilizobadilika, katika pwani yetu yenye nasaba zilizochanganyika, ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kutoka na majibu tofauti kabisa.

Kabla ya kumpeleka kijana kutobolewa mfupa, mwulize kama huugua mara kwa mara vidonda vya mdomoni, majipu au nimonia, na umtafutie matokeo yake ya zamani uone kama idadi imesimama palepale. Hospitali zenye benki kubwa ya damu huweza kuwa na seramu za kupima Fya na Fyb, aina mbili za protini ya Duffy. Zote mbili zikikosekana kwenye chembe zake nyekundu, na seli nyeupe nyingine na chembe sahani ziko sawa, unaweza kumwandikia mwajiri kwamba hiyo ndiyo idadi yake ya kawaida.